Kabla Hujamvika Mhusika Sare ya Shule

Waandishi chipukizi wa tamthilia huuliza swali hili mara kwa mara: hadithi yangu ina mapenzi, ina damu, ina mambo yasiyosemwa mbele ya wakwe, mhusika mkuu awe kijana wa sekondari au mtu mzima? Wengi huwa wameshaamua kabla ya kuuliza. Wanataka kijana, kwa sababu vijana ndio wanaokata vipande vya video na kuvisambaza kwenye simu, na kwa sababu wameona tamthilia za wanafunzi kutoka Marekani zikivuma dunia nzima. Mimi nasimama upande wa watu wazima. Tamthilia nzito ni yao kwanza. Kijana aingie pale tu hadithi inapokataa kusimuliwa bila yeye, na akishaingia, watu wazima wanaomzunguka wasiruhusiwe kutoka.

Anza kwa kupima uwezo wa mhusika. Mtu wa miaka 35 anaweza kusaini mkataba, kukopa, kuhama mji, kudai talaka, kumshitaki kaka yake kwa ajili ya shamba la urithi. Kila analofanya lina historia nyuma yake na gharama mbele yake, na akikosea, lawama inamkalia mwenyewe. Kijana wa miaka 16 hana hata nauli ya daladala mpaka apewe. Geti la kwao linafungwa saa anayotaka baba. Simu ni ya dada yake, au ni yake lakini inakaguliwa. Hadithi yake ya kweli ni ya mtu ambaye mambo makubwa yanamkuta kabla hajapata cha kupambana nayo. Ukimwandika hivyo, umeandika kijana. Ukimwandika akiendesha gari, akilipia chumba cha hoteli, akipanga kisasi cha miezi sita na kumhonga polisi, huyo ni mtu wa miaka 32 uliyemvika sare.

Kuna jaribio rahisi ambalo nawapa wote wanaoniletea miswada. Futa kila kinachohusu shule: kengele, sare, mwalimu wa zamu, mtihani wa taifa. Kisha usome tena. Hadithi ikisimama bila kuyumba, mhusika wako ni mtu mzima. Mrudishie umri wake, mpe kazi, mpe watoto au huzuni ya kukosa watoto, mpe mwenye nyumba anayedai kodi. Utashangaa jinsi mswada unavyopata uzito, maana sasa kila kosa lake lina bei anayoweza kuilipa yeye mwenyewe.

Siri ya Mtungi, tamthilia ya Tanzania iliyoanza kurushwa mwaka 2012, ni mfano ninaoupenda. Kiini chake ni Cheche, mpiga picha wa Bagamoyo, mume kijana lakini mtu mzima, mwenye studio, mke na vishawishi. Ndani yake kuna uzazi wa mpango, kuna Virusi vya UKIMWI, kuna ulevi, kuna usaliti wa ndoa. Haya yote yangeweza kutiwa ndani ya bweni la sekondari na mtu akadai kwamba anawaelimisha vijana. Watayarishaji waliyaweka kwenye ndoa na kwenye biashara, mahali ambapo mtu anafanya kosa huku akijua, kisha anakaa mezani na mtu aliyemkosea. Mtazamaji anaruhusiwa kumlaumu Cheche. Ruhusa hiyo ya kulaumu ndiyo inayomfanya mhusika mtu mzima awe na thamani kubwa kwenye tamthilia nzito.

Kwa kijana, lawama haimkalii. Inapanda juu: kwa mzazi, kwa mwalimu, kwa mjomba, kwa mwenye duka, kwa sheria. Mwandishi asiyeifuata lawama hiyo inakokwenda amemwachia mtoto mzigo wa ukoo mzima, na watazamaji watamaliza sehemu wakisema tu kwamba watoto wa siku hizi wameharibika.

Fasihi yetu ililijua hili mapema. Euphrase Kezilahabi alipotoa Rosa Mistika mwaka 1971, riwaya ilipigwa marufuku shuleni kwa kuyasema wazi mambo ya wasichana na wanaume, ingawa baadaye ilikuja kusomwa na wanafunzi hao hao. Waliokasirika waliyatazama aliyoyafanya Rosa. Lakini rudi kwenye kurasa za mwanzo kule Ukerewe, umtazame Zakaria, baba mlevi anayempiga binti yake kwa ajili ya barua ya mvulana. Binti huyo analelewa kwa fimbo na hofu, hafundishwi neno hata moja la kujikinga, kisha anaachiwa katika dunia ya wanaume. Kezilahabi hakumwacha Zakaria atoke kwenye hadithi. Ndiyo maana kitabu kile bado kinasomeka: maisha ya msichana yamo, na mkono wa mtu mzima ulioyapinda unaonekana.

Mfano wa karibuni zaidi unatoka Uingereza. Tamthilia ya Adolescence ilitoka Netflix Machi 2025, sehemu nne tu, kila moja imepigwa kwa mkupuo mmoja bila kukata. Mvulana wa miaka 13, Jamie, anatuhumiwa kumuua msichana wa shule yake. Hakuna kitu kizito kuliko hicho. Lakini angalia jinsi uzito ulivyopimwa. Polisi wanavunja mlango alfajiri, wanaingia chumbani na silaha, na mvulana anajikojolea kwa hofu. Kwa tendo hilo moja tumeambiwa umri wake kwa namna ambayo mazungumzo yoyote yasingeweza. Mauaji yenyewe yanaonekana kwa muda mfupi, kwa mbali, kwenye picha za kamera ya ulinzi, na tunayatazama pamoja na baba yake, katika chumba cha mahojiano.

Sehemu ya tatu nawashauri waandishi waitazame na kalamu mkononi. Ni chumba kimoja, mvulana na mwanasaikolojia. Mwanamke amemletea kikombe cha chokoleti ya moto na nusu ya sandwichi. Mvulana anatania, anacheka, analalamika kuhusu kilichomo ndani ya mkate, mtoto kabisa. Kisha ghafla anasimama juu ya yule mwanamke na kumtisha, na kikombe kinaruka. Hakuna ngono, hakuna kisu, na huwezi kupumua. Anapotoka, mwanamke anabaki na ile sandwichi iliyoumwa na hawezi kuigusa. Sehemu ya nne mvulana haonekani kabisa, tunamsikia tu kwenye simu. Sehemu yote ni ya baba, mama na dada yake, siku ya kuzaliwa ya baba, wakijaribu kuishi na kilichotokea. Waandishi Jack Thorne na Stephen Graham walimweka mtoto katikati ya hadithi kisha wakaiendesha mpaka kwenye sebule ya wazazi. Huko Uingereza shule za sekondari ziliruhusiwa kuionyesha bure. Naamini sababu moja kubwa ni kwamba mwalimu anaweza kuionyesha bila kuhofia kwamba anawauzia wanafunzi maovu.

Linganisha na 13 Reasons Why, iliyotoka Netflix mwaka 2017. Nayo ilikuwa na nia ya kuzungumzia maumivu ya kweli ya wanafunzi. Lakini kujiua kwa msichana wa hadithi kulionyeshwa kwa kirefu, jinsi kulivyofanyika, na baada ya miaka miwili ya malalamiko ya wataalamu na wazazi tukio hilo liliondolewa, Julai 2019. Funzo kwa anayeandika ni moja na halina msamaha: usionyeshe wala usitaje njia ambayo kijana anajidhuru. Andika mlango uliofungwa, andika mama anayebisha, andika rafiki aliyepokea ujumbe usiku na kuusoma asubuhi. Mtazamaji wa miaka 14 anayepitia giza lake mwenyewe hahitaji maelekezo kutoka kwako.

Kwa wale wanaosema kwamba Afrika haiko tayari kwa mambo haya, Yizo Yizo ya Afrika Kusini ilianza SABC1 mwaka 1999, ikishirikiana na wizara ya elimu yenyewe, na ilionyesha shule ya kitongoji yenye ukatili, dawa za kulevya na mwalimu mkuu mwenye kiboko. Ilizua ghadhabu kubwa. Lakini ilikuwa imejengwa juu ya swali la watu wazima: shule hii inaendeshwa na nani, na kwa nini imeoza?

Sasa tuingie kwenye kazi. Chukua jambo ambalo kila mtu hapa analijua: mwanafunzi wa kidato cha tatu amepata mimba. Tangu Novemba 2021 Tanzania inaruhusu mwanafunzi aliyejifungua kurudi shuleni, kwa hiyo hadithi haiishii kwenye kufukuzwa kama zamani. Waandishi wengi wangeanza na mapenzi yenyewe: mvulana au mwanaume, zawadi, chumba, kamera ikikawia pale. Hapo ndipo hadithi inapopotea. Umetumia nguvu yako yote kwenye dakika ambayo huna haki ya kuionyesha, na umemfanya mtazamaji amtazame mtoto kwa jicho la yule aliyemdhuru.

Fikiria badala yake kwamba mhusika mkuu ni mama yake, mama lishe wa miaka 38. Aliyempa binti mimba ni shemeji, mdogo wa marehemu mume wake, mwanaume mpole anayeswali, ambaye kila mwezi ndiye anayelipa kodi ya nyumba na ada za watoto watatu. Mama anajua katika sehemu ya pili. Watu wengine hawajui mpaka ya tisa. Katikati kuna nini? Kuna mama anayempakulia wali mwanaume huyo kila Ijumaa, kuna mama mkwe anayesema mambo ya ukoo yamalizwe na ukoo, kuna mjumbe wa mtaa, kuna dawati la jinsia la polisi ambalo mama amelipita mara mbili bila kuingia. Hiyo ni tamthilia nzito kwelikweli, na kila uamuzi uko mikononi mwa mtu mwenye uwezo wa kuamua. Binti yumo, tunampenda, ana matukio yake, lakini hakuna pahala ambapo kamera imemgeuza kitoweo.

Au mfanye binti mwenyewe awe kiini, ikiwa una ujasiri na subira. Basi iweke kamera kwenye kimo chake na uandike yale anayoyajua yeye tu. Ameenda zahanati na sare ameificha kwenye mfuko wa plastiki.

“Shikamoo nesi.”

“Marahaba. Umekuja na nani?”

“Peke yangu.”

“Mama yuko wapi?”

“Kazini.”

Nesi anaandika bila kuinua macho. “Kaa pale, mwanangu. Subiri.”

Anasubiri mpaka benchi zima linaisha. Watu wanamtazama miguu, maana viatu vyake bado ni vyeusi vya shule. Hakuna aliyemtukana, hakuna aliyemgusa, na mtazamaji ameelewa kila kitu. Sehemu kadhaa mbele amerudi darasani, kipindi cha hesabu, mtoto ameachwa kwa bibi, na maziwa yanaanza kulowesha shati. Anavuta daftari kifuani. Mwalimu anamwita ubaoni. Tukio kama hilo haliwezi kuhamishiwa kwa mtu wa miaka 32, na hapo ndipo kijana anapostahili nafasi yake. Ukipata matukio matatu au manne ya aina hii katika mswada wako, endelea naye. Ukikosa, rudi kwa mama.

Kuhusu kauli za kijana, usikimbizane na vijana kwenye misemo. Sheng ya mwaka huu itakuwa imechuja kabla tamthilia haijarushwa, na lugha ya vijiweni Dar es Salaam haikawii nayo. Kijana hujulikana zaidi kwa anachokataa kusema. “Sijui.” “Kawaida tu.” “Hamna.” Mwandike akijibu nusu, kisha mwache mzazi ajaze nusu nyingine kimakosa. Mtu mzima anayedhani ameelewa ndiye chanzo cha nusu ya matatizo ya nyumbani, na ni chanzo kizuri sana cha hadithi.

Sasa suala la mwigizaji, ambalo mwandishi hupenda kumwachia mwongozaji. Usimwachie. Desturi ya kuwapa watu wazima nafasi za wanafunzi ni ya zamani. Katika Beverly Hills, 90210, iliyoanza mwaka 1990, Gabrielle Carteris alikuwa na miaka 29 akiigiza msichana wa sekondari. Zendaya alikuwa na miaka 22 Euphoria ilipoanza mwaka 2019, na mhusika wake alikuwa na 17. Kwa upande mmoja desturi hii inawalinda watoto, na kwa matukio mazito haina mbadala. Kwa upande mwingine inawapa vijana wanaotazama kioo cha uongo: wanajilinganisha na mwili wa mtu aliyemaliza kukua zamani, na wanamwona “mwanafunzi” anayejiamini kama mtu aliyekwisha panga nyumba yake mwenyewe. Ushauri wangu ni kwamba jukumu lenye mapenzi au ukatili lichukuliwe na mtu aliyetimiza miaka 18, mwenye sura changa, na uandike upya mpaka hakuna tukio la chumbani linalobaki kwenye skrini.

Na usidhani kwamba umri wa mwigizaji unakuokoa. Sheria ya Kenya ya mwaka 2018 kuhusu makosa ya mtandao, inapozungumzia picha za ngono za watoto, inamhesabu pia mtu anayeonekana kuwa mtoto. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya 2009 na ya Kenya ya 2022 zote zinamwita mtoto yeyote aliye chini ya miaka 18. Sare uliyomvika mwigizaji wako wa miaka 24 ina maana mbele ya sheria, na ina maana zaidi mbele ya mtazamaji. Hata kama sheria isingekuwepo ningesema hivyo hivyo: mwanafunzi hageuzwi kivutio cha kimahaba. Kama tamthilia inahitaji ashiki, wape watu wazima, nao waigize ashiki ya watu wazima.

Ukimchukua mtoto wa kweli, kama Adolescence ilivyomchukua Owen Cooper ambaye hakuwa amewahi kuigiza kwenye skrini na ambaye mwaka 2025 alishinda tuzo ya Emmy akiwa na miaka 15, basi jiandae kufanya kazi polepole. Mzazi au mlezi asome mswada wote, si kurasa za mwanaye tu, na awepo lokesheni kila siku. Mtoto aelezwe kwa maneno mepesi tukio linahusu nini, na aambiwe mapema kwamba anaweza kusema hapana. Maneno makali ya mtu mzima yanaweza kushutiwa bila mtoto kuwepo, kisha uso wake ukashutiwa peke yake akisikiliza kitu kingine kabisa. Kazi ya mhariri ni kuviunganisha. Na baada ya “kata”, mtu mmoja awe na jukumu la kukaa naye, kunywa soda naye, kuzungumza mpira naye, mpaka arudi kuwa yeye. Prodyuza akikwambia bajeti haina nafasi ya mambo hayo, bajeti yenu haina nafasi ya mtoto.

Fikiria pia sebule itakayoipokea kazi yako. Nyumba nyingi bado zina televisheni moja, na mbele yake wamekaa bibi, baba, mfanyakazi wa ndani na mtoto wa darasa la sita. Kenya ina kanuni kwamba vipindi vya watu wazima visirushwe kabla ya saa nne usiku wala baada ya saa kumi na moja alfajiri. Kanuni hiyo naiunga mkono, lakini usiitegemee. Kipande cha sekunde 40 kitakatwa usiku huo huo na asubuhi kitakuwa kwenye simu ya mtoto ambaye hata hajui jina la tamthilia. Kwa hiyo, unapomaliza kila tukio la kijana, jiulize litaonekanaje likiwa peke yake, bila mwanzo wala adhabu inayokuja sehemu ya kumi. Tukio la msichana akipigwa, likikatwa hivyo, linakuwa burudani ya mtu fulani. Tukio la mama akisimama nje ya dawati la jinsia bila kuingia haliwezi kutumiwa vibaya na yeyote.

Mswada ukikamilika, mpe mwalimu wa sekondari ausome, na muuguzi wa zahanati au ofisa ustawi wa jamii, kabla ya kumpa mwekezaji. Watakwambia polisi huuliza nini kwanza, fomu hujazwa na nani, mwalimu mkuu huita wazazi kwa barua au kwa simu. Mambo hayo madogo ndiyo yatakayoifanya sehemu ya sita iaminike. Na kama tamthilia yenu inagusa ukatili dhidi ya mtoto, mkubaliane na kituo cha televisheni tangu mwanzo, kwenye mkataba, kwamba majina ya waigizaji hayatapanda kwenye skrini kabla ya namba ya msaada kwa watoto, 116, inayopigwa bure Kenya na Tanzania, na kwamba itakaa pale muda wa kutosha mtu kuinakili.